Mtihani wa Maji

Nyuma ya choo changu hapa Nzuguni umeota mnyonyo. Nimeukata kwa panga mara tatu na mara tatu umerudi, maana mnyonyo hauambiliki. Jirani yangu, bwana mmoja wa ofisi za serikali aliyehamia kutoka Mbeya, ananiambia kila siku, "Mama, uache tu, ule ni dawa." Namjibu ni kweli, ni dawa. Simwambii kwamba nikiupitia asubuhi, umande haujakauka, ile harufu yake ya majani machungu inaniingia puani, na pale pale nakuwa mtoto wa miaka kumi, nina ndoo kichwani, naomba Mungu mtu asininuse mikono.

Umri wangu ninyi wenzangu mnaujua. Ni ule wa kumdanganya daktari kwamba dawa umemeza zote. Shule niliishia darasa la nne, na sababu yake nitaisema, ndiyo hasa ninayoijia. Kuandika naandika, polepole, kama bibi anayevuka lami.

Mwezi huu nimekosa raha kwa ajili ya kitabu ambacho hata hakijachapwa. Mwalimu wetu wa zamani, ambaye sasa ni mzee wa Makole, mwenye fimbo na miwani ya kamba, anatoa kitabu cha maisha yake. Amefundisha shule nyingi huyu, na kila alikopita alifundisha riadha, na wako wanafunzi wake waliokimbia mpaka nchi za watu. Kitabu ni cha kuwatia moyo vijana. Basi binti yake akamtumia mjukuu wangu Neema, anayesoma chuo hapa hapa Dodoma, sura moja kwa simu, kwa sababu sura ile inanihusu mimi. Nisomewe, halafu siku ya uzinduzi nisimame mbele za watu niseme ni kweli.

Neema akakaa kwenye kigoda akasoma. Sura inaitwa "Ndoo Isiyomwagika." Mwalimu anasema katika shule yake ya kwanza, kwenye nchi kame, alimkuta binti mdogo anayekimbia na ndoo iliyojaa bila kumwaga tone, ndipo akajua nidhamu ni nini. Neema akanitazama kama mtu aliyegundua bibi yake aliwahi kuwa mbunge.

"Bibi! Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mbona hujawahi kusema?"

"We soma."

Akasoma. Mwalimu akaendelea kwamba si watoto wote walikuwa na bahati. Kulikuwa na Damari, mwenye akili kuliko wote, lakini baba yake alimtoa shule akachunge mbuzi. Na hapo mwalimu akaandika ukurasa mzima juu ya ujinga wa wazazi, jinsi mzee mmoja asiyejua thamani ya kalamu anavyoweza kuzima taa ya mtoto wake. Nikamwambia Neema basi, inatosha, macho yananiuma. Akasema, "Bibi, anayesoma ni mimi."

Sasa nisikilizeni.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka mjini, kwenye tambarare ile ya vumbi jekundu ambako mvua ikija inakuja kama mgeni mwenye haraka, hata kiti hakalii. Maji tulichimba kwenye mchanga wa korongo. Unachimba kwa mikono, unangoja, maji yanatoka kidogo kidogo, unachota kwa kibuyu kilichokatwa, unamimina kwenye ndoo. Ukijaza ndoo jua limeshapanda. Na sisi wanafunzi kila asubuhi tulipeleka maji shuleni, kila mtoto na ndoo yake, ya kufyatulia matofali ya nyumba ya mwalimu na ya kumwagilia miti ambayo hata hivyo ilikufa. Hayo mnayakumbuka. Vijana wa leo ukiwaambia wanacheka, wanadhani unatia chumvi.

Mama zetu walikuwa na ujuzi wao. Ukishajaza ndoo unaweka juu ya maji majani mawili matatu mapana, na pale korongoni yaliyokuwepo ni ya mnyonyo. Jani linayatuliza maji. Unaweza kupanda kilima, ukajikwaa, ukageuka kumtukana mbuzi wa jirani, maji hayakumwagikii. Ni jambo dogo, kila mwanamke wa kwetu alilijua, na hakuna aliyeona ni la kumweleza mtu.

Damari alikuwa mwenzangu. Tembe la kwao na letu, nyumba zile za udongo za paa bapa, yalitazamana, katikati uwanja wa kupuria uwele. Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, mwembamba, maneno yake ya haraka, na hesabu alifanya kichwani kabla mwalimu hajamaliza kuandika ubaoni. Penseli tulikuwa na moja, tukaikata kwa kisu, yeye nusu, mimi nusu. Mimi hesabu nilikuwa nanakili kwake, na yeye alijua, akawa ananitania: "Leo nikikosea mimi, tumekosea wawili."

Lazima niseme pia juu ya dada yangu mkubwa, maana bila yeye hamtaelewa hofu yangu. Wakati ule darasa la nne lilikuwa na mtihani wa kuchuja. Walioshinda waliendelea la tano, walioshindwa wanarudi nyumbani, imekwisha. Dada alichujwa. Siku ile alirudi, akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia akasaga uwele mpaka mama akamwambia acha, unga umetosha wiki. Hakuacha. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nasikia lile jiwe linavyokwenda, krr, krr, krr. Toka siku hiyo neno kuchujwa kwangu mimi lilikuwa na sauti yake.

Na kibaya zaidi, hakuna aliyenieleza vizuri huo mtihani wenyewe ukoje. Dada alisema tu, "Wanakupima, wanaona hufai." Wanakupima kwa kitu gani, hakusema.

Sasa tukiwa darasa la nne ndipo akaja mwalimu huyu. Kijana mrefu, mtu wa kule ziwani, filimbi shingoni. Alikotoka yeye maji ni kitu cha kuogelea. Asubuhi ya kwanza alisimama mbele ya shule akatuona tunakuja mstari mmoja na ndoo vichwani, mikono tumeiachia, akabaki mdomo wazi. "Wagogo ninyi," akasema, "maji yenu mnayabeba kama mtoto mchanga!" Halafu akachungulia ndoo akaona majani. Akakasirika. Alikuwa mwalimu wa afya pia. "Takataka za nini kwenye maji ya shule? Kuanzia kesho nisione jani." Mtoto gani wakati ule alikuwa anamjibu mwalimu?

Wiki iliyofuata alianza jambo lake. Alitaka wasichana wanne wa mbio za kupokezana vijiti, waende kushindana mjini. Hilo nalijua leo. Wakati ule hakutuambia, au labda alituambia kwa Kiswahili chake cha haraka na sisi Kiswahili tulikuwa bado tunakishika kwa mkia. Alichofanya ni hiki: alikuja nasi korongoni, akajaza ndoo za wasichana wote mpaka karibu na ukingo, akachora alama ndani ya kila ndoo kwa msumari, kisha akapuliza filimbi, tukimbie mpaka shule, naye akatangulia mbele yetu. Kule anachungulia ndoo moja moja, maji yameshuka kiasi gani chini ya alama, anaandika kwenye daftari. Alikuwa anatafuta mtoto anayekimbia mwili ukiwa umetulia. Ni akili, sikatai. Lakini sisi tuliona tu mtu anaandika.

Na siku moja, nikiwa namimina maji kwenye mtungi wa mwalimu mkuu, nikasikia barazani yule kijana anamwambia mkuu: "Nitabaki na wanne tu. Wengine hawafai, nawaacha."

Wanne tu. Wengine hawafai. Nilisimama pale na ndoo mkononi. Nikajua: kumbe ndio huu. Ndio mtihani wenyewe. Na mnisamehe, kwa mtoto wa kike wa kijijini kwetu ilikuwa na maana kamili. Wavulana wanapimwa kwa hesabu. Msichana atapimwa kwa nini kama si maji?

Nilimwambia Damari jioni ile tukichambua mlenda. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mtihani wa ndoo? We akili zako zimelowa." Lakini nikamwambia nilichosikia kwa masikio yangu, wanne tu, wengine hawafai, nikaona kicheko kinamwisha taratibu usoni, kama maji yanavyozama mchangani.

"Na dada yako," akasema, "alipimwa hivi?"

"Sijui. Hasemi."

"Mimi namwaga," akasema Damari. "Bega hili lote la kushoto linalowa."

Ni kweli. Damari alikuwa na mbio kuliko sisi sote, lakini alikimbia kama swala, anaruka, na maji yanaruka naye.

Tangu hapo sikulala vizuri. Asubuhi ya pili, korongoni, mwalimu amegeuka kuchora ndoo za wengine, nikachuma jani la mnyonyo nikalikunja nikalificha chini ya ngata yangu kichwani. Filimbi ikalia. Nilipovuka kona ya kwanza nikabaki nyuma, nikalitia jani kwenye ndoo. Nikakimbia. Kabla ya shule kulikuwa na kichuguu kikubwa. Nyuma yake nikalitoa, nikalitupa, nikajitokeza. Mwalimu akachungulia ndoo yangu, akachungulia tena. Akaniita jina langu polepole, mara mbili. Katika maisha yangu mafupi hakuna mwanamume mzima aliyewahi kunitazama kwa heshima, na sikuipenda. Nilificha mikono nyuma kwa ajili ya harufu.

Nilifanya hivyo wiki nzima. Kila siku nilisema leo nitakamatwa. Kila siku mwalimu aliwaambia wenzangu, "Mtazameni huyu!" na wao wakanitazama, na mimi nilitaka kichuguu kinimeze. Damari aliniuliza tukirudi nyumbani, "We unafanyaje?"

Hapa ndipo penyewe. Tulikuwa wawili tu njiani, jani moja lingetutosha wote. Lakini nafasi zilikuwa nne, na tatu zilikuwa zimeshachukuliwa na wasichana wakubwa, wametulia kama mitungi. Ya nne ilikuwa yangu au yake.

Nikamjibu, "Natuliza roho tu."

Na Damari, mwenye akili kuliko wote, akaniamini. Kesho yake nilimwona anakimbia midomo inacheza, anajiambia tulia, tulia, na bega limelowa chapachapa.

Ijumaa mwalimu akasoma majina manne. La mwisho langu. Damari alikuwa amesimama pembeni yangu. Akangoja kidogo kama kuna la tano. Halafu akaniuliza bila kunitazama, "Basi?"

"Basi," nikasema. "Wengine wanaachwa. Si nilikwambia nilimsikia."

"Hata daftari nisichukue?"

"Sijui. Labda daftari ni la shule."

Akafikiri. Akatoa ile nusu penseli yake akanipa. "Chukua. Mimi ya nini tena." Akabeba ndoo yake tupu akaenda zake, na alipofika mbali kidogo akaigeuza akaivaa kichwani kama kofia, jinsi tulivyozoea kuchekeshana. Sikucheka.

Jumatatu niliingia darasani, nikaona wasichana wote wamekaa. Wale wote ambao majina yao hayakusomwa. Wamekaa kwenye mikeka yao, wanakwaruzana, mmoja anakula ubuyu. Nikasimama mlangoni. Sijawahi kuelewa jambo kwa haraka kama siku ile, mimi ambaye kila kitu naelewa kwa kuchelewa. Hakuna aliyechujwa. Lilikuwa jambo la mbio tu. Mahali pa Damari peke yake ndipo palikuwa patupu.

Ningeweza kutoka mbio pale pale. Kwao si mbali, ningemkuta na mbuzi nikamwambia rudi, nimekosea. Nimeifikiria hiyo njia miaka yote hii, kila kichaka chake. Lakini Damari angeuliza, kama haukuwa mtihani, wewe uliogopa nini, ulifanyaje hata usimwage? Alikuwa mtu wa kuuliza. Na jani lingetoka, na mwalimu angejua, na mimi nisingekuwa tena yule wa kutazamwa. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho nikapita njia ya nyuma ya tembe letu, ili nisionane naye.

Mwalimu aliita majina. "Damari?" Kimya. Siku ya pili, "Damari?" Siku ya tatu akafunga daftari akanitazama. "Wewe ni jirani yake. Yuko wapi?"

Nikasimama. "Anachunga, mwalimu."

"Kwa nini anachunga?"

Na mdomo wangu, bila kuniuliza mimi mwenyewe, ukasema, "Baba yake amemkataza shule."

Mwalimu akatikisa kichwa kwa uchungu sana. Alisema neno juu ya wazee wetu, silirudii hapa. Na lile neno ndilo Neema alilonisomea kwenye simu, limekua tu, limekuwa ukurasa.

Mbio tulikwenda mjini, tukapanda lori la pamba tukafika tumekuwa weupe. Mimi nilikimbia shingo imekakamaa kama nina ndoo. Kitabu kinasema tulishika nafasi ya pili. Hakikusema timu zilikuwa mbili. Na mwisho wa mwaka mtihani ule wa kweli ukaja, wa kalamu, wa hesabu, na pembeni yangu hapakuwa na mtu wa kunakili. Nikachujwa. Siku ile nikalielewa jiwe la dada.

Damari aliolewa, nami nikaolewa. Tumekutana misibani, tumekutana harusini, tumesalimiana, tumeulizana watoto. Kwa miaka yote hiyo hajataja shule, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo, na Mungu sijui ananionaje.

Sasa mnajua kwa nini siku ile ya sura nilisema macho yananiuma. Mimi kudanganya kwangu nilishakuzoea, kama mtu anavyozoea jino bovu. Lakini baba yake Damari! Mzee yule alikufa zamani, na sasa aandikwe mjinga kwenye kitabu, kisomwe na wajukuu wake, kwa neno la mdomo wangu? Nikamwambia Neema, "Nipeleke Makole."

Mwalimu tulimkuta kwenye kochi, amefunikwa blanketi na jua lote lile. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye mwenyewe!" akamwambia binti yake. "Hata tone!"

Nilimweleza yote, nimeshika kikombe cha chai, sikuinywa. Jani. Kichuguu. Penseli. Alikuwa anatabasamu mwanzoni, akidhani ni mambo ya utoto ya kuchekesha, halafu akaacha.

"Baba yake hakumkataza?"

"Hapana, mwalimu. Mimi ndiye niliyesema."

"Nimeandika ukurasa mzima," akasema. "Kitabu kiko kwa mchapaji." Akavua miwani, akavaa tena. "Uliona ni vyema kuniambia leo?"

"Nimeona ni vibaya siku zote, mwalimu. Leo nimekuja tu."

Binti yake akataka kusema kitu, mwalimu akamzuia kwa mkono. Kisha sauti yake ikashuka. "Nilikuwa namwona. Na wale mbuzi. Akiniona anajificha nyuma ya kichaka. Nikadhani baba yake kamfundisha kunichukia." Akalivuta blanketi magotini. "Ilikuwa hatua mia moja kutoka njiani. Mimi, mwalimu wa mbio." Baadaye akasema, "Sifuti neno mpaka yeye mwenyewe aambiwe. Nenda kamwambie. Mchapaji nitampigia."

Damari anaishi Miyuji kwa binti yake muuguzi. Nilikwenda peke yangu, Neema nilimwacha. Nilimkuta uani anachagua mawe kwenye mchele, ungo mapajani, mkono ule ule wa kushoto.

"Mbukwa, Mama Lazaro! Umepotea njia au kuna aliyekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi kaa. Umenenepa."

Nikakaa. Nikaanza mwisho, nikarudi mwanzo, nikachanganya, nikaanza tena. Hakunikatisha. Vidole vyake viliendelea kuchagua mawe, mpaka nilipofika asubuhi ile ya Jumatatu, wasichana wote wamekaa. Hapo vikasimama.

"Wote walikuwepo?"

"Wote."

"Kwa hiyo mimi sikufukuzwa shule."

"Hukufukuzwa. Jina lako lilikuwa linaitwa."

Akaweka ungo chini. Kuku wakausogelea ule mchele, wala hakuwafukuza.

"Nina watoto watano," akasema. "Sijawahi kuingia mlango wa shule. Kikao cha wazazi namtuma jirani. Huyu muuguzi siku anapewa cheti nilisimama nje ya uzio, chini ya mti, nikamwambia jua linanichoma kichwa. Nilijua wakiniona wataniambia, mama, wewe si tulishakuacha?"

"Baba alikwenda," akasema.

"Alikwenda wapi?"

"Shule. Nilimwambia serikali imenikataa kwa sababu namwaga maji. Akasema serikali haiwezi kumkataa mtoto kwa maji. Kesho yake akafunga lubega yake ile nzuri, shuka lake la begani, akaenda kuuliza. Nilimfuata kwa mbali na mbuzi. Akafika kwenye uzio wa miiba, akasimama. Walimu wamevaa suruali, viatu. Akasimama mpaka kengele ya mchana ikalia, akarudi. Akaniambia walimu wana kazi nyingi."

Alilia kidogo hapo, kwa hasira, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akasema nimpigie huyo mwalimu wangu. Nikampigia. Damari akachukua simu akaisogeza mbali na sikio kama inayouma, hakusalimia hata shikamoo. "Mimi ni Damari. Mimi niandike unavyotaka. Lakini baba yangu alikuja. Andika alikuja, akasimama kwenye uzio, na hakuna aliyetoka kumuuliza unataka nini." Kisha nikasikia sauti ya mzee inasoma polepole neno moja moja, kama mtu anayeandika huku anasoma. Damari akamwambia arudie. Akarudia. Akasema, "Sawa," akanirudishia simu.

Niliinuka. Nikasema yale maneno ya kuomba msamaha ambayo nilikuwa nimeyapanga tangu Nzuguni, na yote yalitoka kombo.

"Nimekusikia," akasema Damari, akainua ungo, akaanza kuwafukuza kuku. "Sijakusamehe. Sijui hata kama nitakusamehe, ndio kwanza nimeambiwa. Uje Jumapili baada ya ibada, nitakuwa nimefikiri."

Leo ni Jumamosi. Kanga nimeshazipiga pasi. Neema ananiuliza, "Bibi, akikataa je?" Nimemwambia nitakwenda Jumapili inayofuata pia.